“Ni Uzee Tu”: Kumkagua Paka Mzee Dalili kwa Dalili

Chausiku alipofikisha miaka 13 alianza kunywa maji kwenye ndoo ya bafuni. Tulicheka. Mama akasema paka amegeuka bata. Miezi ikapita, mgongo wake ukawa unahesabika pingili kwa pingili, na kila mgeni aliyeingia nyumbani alinipa jibu lilelile: ni uzee tu, mwache apumzike. Haukuwa uzee. Zilikuwa figo, na nilipomfikisha kwa daktari wa mifugo alikuwa amebakiwa na kidogo sana cha kuokoa.

Tangu hapo majirani wenye paka wazee huja kuniuliza, na maswali hayabadiliki. Nimeyapanga hapa kwa dalili. Chini ya kila dalili, sababu ya kawaida inatangulia na ile ya nadra inafuata, ila pale ambapo kuna ukaguzi rahisi wa bei ndogo, huo ndio unaoanza. Mimi ni mfugaji tu, si daktari. Dawa nazitaja ili ujue daktari anazungumzia nini, wala si ili uende ukazinunue.

Nani ni mzee? Hesabu inayotumika sana ni hii: mwaka wa kwanza wa paka ni kama 15 ya binadamu, wa pili unamfikisha 24, kisha kila mwaka unaongeza 4. Paka wa miaka 10 ni mtu wa miaka 56. Wa miaka 15 ni bibi wa miaka 76. Kuanzia miaka 10 hivi, mabadiliko yoyote yanastahili kuulizwa “kwa nini?” kabla ya kusema uzee.

Anza hapa: mambo yasiyongoja kesho

Ukiona mojawapo ya haya, acha kusoma na umpeleke paka kwa daktari, hata kama ni usiku:

- Anapumua kwa mdomo wazi, au tumbo linapanda na kushuka kwa nguvu kila anapovuta pumzi.
- Paka dume anachuchumaa mara kwa mara na hakuna mkojo unaotoka, au yanatoka matone tu. Njia imeziba. Ndani ya siku moja au mbili anaweza kufa.
- Miguu ya nyuma imepooza ghafla, imekuwa ya baridi, naye analia kwa uchungu. Mara nyingi ni bonge la damu lililotoka kwenye moyo na kuziba mshipa mkuu.
- Fizi zimekuwa nyeupe, za bluu, za kahawia au za manjano.
- Amepofuka ghafla.
- Amepata degedege, au hasimami.
- Amekula kidonge cha binadamu, hata nusu.

Hilo la mwisho nitalirudia mbele, kwa sababu ndilo linaloua paka mikononi mwa watu wanaowapenda.

Vipimo vinne unavyoweza kufanya mwenyewe

Uzito: simama kwenye mizani ukiwa umembeba, kisha simama peke yako, utoe tofauti. Kama mizani ya nyumbani haina usahihi, muombe mwenye duka akupimie paka ndani ya kikapu. Watu watacheka, lakini ile mizani ya mchele haidanganyi. Andika namba hiyo kila mwezi. Paka wa kilo 3 akipungua gramu 300 utaona ni kidogo, kumbe ni sawa na mtu wa kilo 60 kupoteza kilo 6.

Maji: asubuhi weka mililita 500 kwenye bakuli, kesho yake asubuhi pima yaliyobaki. Kwa joto letu la pwani maji hukauka yenyewe, kwa hiyo weka bakuli la pili la namna hiyohiyo mahali asipofika, uone limepungua kiasi gani, kisha utoe. Funga choo na ufunike ndoo siku hiyo. Kawaida haizidi mililita 50 kwa kila kilo ya uzito, yaani kama 200 kwa paka wa kilo 4. Akifika 400, kuna ugonjwa. Wanaokula chakula kikavu hunywa zaidi ya wanaokula samaki wa kuchemsha, ndiyo maana namba muhimu zaidi ni ile ya paka wako mwenyewe alipokuwa mzima.

Pumzi: akiwa amelala fofofo, hesabu kifua kinavyopanda kwa sekunde 30, zidisha kwa mbili. Chini ya 30 kwa dakika ni sawa. Ikivuka 30 usiku baada ya usiku, moyo au mapafu yaangaliwe.

Fizi: nyanyua mdomo wa juu. Waridi na unyevu ndiyo afya. Zikinata kidole, anakosa maji mwilini. Ile njia ya kuvuta ngozi ya shingo uone kama inarudi haraka, kwa paka mzee haiaminiki, maana ngozi yake imelegea hata akiwa mzima.

Dalili ya 1: Anakunywa sana na kukojoa sana

Hii ndiyo iliyomwondoa Chausiku, kwa hiyo nitakaa hapa kidogo.

*Figo.* Ndiyo sababu ya kwanza kwa paka wazee. Figo zikichoka hushindwa kukaza mkojo, maji yanatoka mengi na paka anakunywa ili kufidia. Mkojo wake hauna rangi wala harufu kali. Kama ulikuwa ukilalamikia harufu ya sanduku la mchanga na sasa huisikii, usifurahi haraka. Baadaye hufuata kukonda, manyoya kukauka, kutapika, pumzi yenye harufu mbaya na kufunga choo.

Mtego uko kwenye vipimo. Kreatinini (taka ya mwilini ambayo figo huichuja) kwenye damu kwa kawaida haipandi waziwazi mpaka karibu robo tatu ya uwezo wa figo iwe imepotea. Mkojo huonyesha mapema zaidi. Basi usiridhike na jibu la “damu iko sawa”. Omba mkojo upimwe uzito wake kwa kifaa kiitwacho refraktomita. Kwa paka, chini ya 1.035 ni jambo la kufuatilia. Vile vijiti vya rangi vya maabara za watu havifai kwa kipimo hiki hasa, japo sukari vinaionyesha.

Ukifika nyumbani, la kwanza ni maji yasikosekane: mabakuli matatu au manne, mbali na chakula na mbali na sanduku la choo. Kamwe usimnyime maji eti akojoe kidogo. La pili ni chakula chenye fosforasi ndogo. Hapa dagaa wetu wana kesi ya kujibu, maana wanaliwa na mifupa yao na fosforasi imejaa kwenye mifupa. Ng'onda na samaki wengine wa chumvi waache kabisa. Vyakula maalumu vya figo vinauzwa mijini na bei yake si ya mchezo. Kama huvimudu, zungumza na daktari kuhusu minofu isiyo na mifupa na nini cha kuongeza, kwa sababu nyama tupu peke yake nayo haitoshi. Badilisha taratibu kwa wiki kadhaa. Paka anayekula chakula kisicho bora ana nafuu kuliko anayegoma kilicho bora.

Hatua ya juu zaidi ni maji ya dripu yanayodungwa chini ya ngozi. Daktari anaweza kukufundisha uyaweke nyumbani, na si kazi ya kutisha kama inavyosikika.

*Kisukari.* Hupenda paka wanene, hasa madume waliohasiwa. Anakunywa, anakojoa, anakula sana na bado anakonda. Wengine huanza kutembea wakikanyaga kisigino chote cha mguu wa nyuma badala ya vidole. Kama una kipima sukari cha mzee nyumbani, usikitegemee: paka akishtuka tu sukari hupanda, na safari ya bodaboda inatosha kumshtua. Ili kiitwe kisukari, sukari iwepo kwenye damu na kwenye mkojo pia, na daktari ana kipimo cha fruktosamini kinachoonyesha hali ya wiki zilizopita.

SIMAMA HAPA: usimdunge paka insulini ya mtu wa nyumbani. Sukari ikishuka mno atapata degedege na kufa. Tena kuna insulini ya U-40 na ya U-100, yaani za nguvu tofauti, kila moja na bomba lake. Ukichanganya, dozi inakuwa nyingine kabisa. Ukiwa na bahati, paka akianza tiba mapema na chakula kikapunguzwa wanga, wapo wanaofikia kuacha sindano. Ugali, kwa hiyo, hapana.

*Tezi ya shingo (thairoidi).* Anakunywa zaidi kidogo, ila dalili yake kuu ni inayofuata.

Dalili ya 2: Anakula kama kawaida, au zaidi, na bado anakonda

Minyoo kwanza, kwa kuwa ni rahisi kukagua. Tazama chini ya mkia na pale anapolala: vipande kama punje za mchele ni tegu, na tegu huletwa na viroboto. Dawa ipo, haina gharama kubwa. Lakini paka mzee akishapewa dawa ya minyoo na wiki tatu baadaye bado anapungua, usimpe tena na tena. Nimeona paka akinyweshwa dawa ya minyoo mara nne ilhali shida ilikuwa shingoni.

Tezi inapofanya kazi kupita kiasi paka mzee huwa kama kijana: anarandaranda, anapiga kelele, anadai chakula saa tisa usiku, anatapika, manyoya yamevurugika na moyo unakwenda mbio. Wenyewe hufurahi, “bibi amepata nguvu mpya!” Kipimo cha damu cha homoni ya T4 hutoa jibu mara nyingi. Dawa ni methimazoli au kabimazoli, na hii ya pili hutumiwa na binadamu pia, jambo linalowashawishi watu kukata njia. Usikate. Tezi inayokimbia husukuma damu nyingi kwenye figo na kuficha udhaifu wake. Ukiituliza, figo mbovu zinajitokeza. Ndiyo sababu daktari hurudia kupima figo wiki chache baada ya kuanza dawa.

Mengine ni kisukari, kama tulivyoona, na ugonjwa wa utumbo, ukiwemo saratani, ambao huja na kuharisha au kutapika kwa wiki nyingi. Huo hautatuliki nyumbani.

Dalili ya 3: Hataki kula

Muangalie anavyokwenda kwenye bakuli. Akienda mbio, akanusa, akachukua tonge kisha akaliachia au akainamisha kichwa upande mmoja, njaa anayo na mdomo ndio unaouma. Meno ndiyo sababu ya kawaida. Fungua mdomo kwenye mwanga: fizi nyekundu mstari mzima, ugaga wa kahawia, jino lililolika kwenye shina, mate yenye damu. Chakula laini cha uvuguvugu kitamsogeza siku mbili tatu, lakini meno mabovu hutolewa kwa usingizi wa dawa, na paka asiye na meno hula vizuri kuliko mwenye meno yanayouma.

Asipokaribia bakuli kabisa, au akilamba midomo na kugeuka, huyo ana kichefuchefu: figo, ini, kongosho. Akichuchumaa muda mrefu na kutoa vijiwe vikavu, amefunga choo.

Akiwa na mafua, pua imeziba na hasikii harufu, na paka asiyesikia harufu hali. Pasha samaki moto kidogo, mara nyingine hiyo inatosha.

Kikomo ni saa 48 bila kula kwa paka wa kawaida, saa 24 kwa mnene. Paka mnene akikaa na njaa, mafuta ya mwili hukimbilia kwenye ini na kulijaza, na ugonjwa huo huua hata kama tatizo la kwanza lilikuwa dogo. Usimlazimishe kwa bomba la sindano kama anakohoa au amelegea; chakula kitaingia mapafuni.

Angalizo la mate: paka anayedondosha mate, asiyemeza, na ambaye tabia imebadilika ghafla (mpole amekuwa mkali, au mkali amekuwa mpole kupita kiasi), tena hajachanjwa, usimfungue mdomo. Kichaa cha mbwa kipo kwetu na paka hukipata. Akikuuma au kukukwaruza, osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, kisha nenda hospitali siku hiyohiyo.

Dalili ya 4: Harukii juu, anajificha, anakojoa nje ya sanduku

Watu hulileta hili kama kesi ya nidhamu. “Amekuwa mjeuri, anakojoa kwenye zulia.” Mara nyingi ni viungo. Baridi yabisi huwapata paka wengi sana wakishapita miaka 12, na kwa kuwa wanaumia pande zote mbili, hawachechemei. Wanaacha tu kufanya mambo. Anapanda kitandani kwa kituo, kupitia kiti. Mgongo umejaa mafundo ya manyoya kwa sababu hawezi kujigeuza kujilamba. Kucha zimekua mpaka zinatoboa nyayo. Hizo kata leo. Akihamia mvunguni, wahenga walishasema mtaka cha mvunguni sharti ainame: inama ukamuone, usimvute kwa mkia.

Sanduku lenye ukuta mrefu likate upande mmoja libaki kimo cha vidole vinne. Weka kigoda mbele ya kitanda, godoro dogo mahali pasipo na upepo, bakuli sakafuni. Mabadiliko hayo peke yake yameshawarudisha paka kadhaa wa mtaani kwetu kwenye adabu zao.

Sasa lile nililoahidi. Akiumwa viungo, mkono wako utataka kufikia paresetamo, diklofenaki au ibuprofeni. USIMPE. Ini la paka halina uwezo wa kuivunja paresetamo. Damu yake hubadilika na kushindwa kubeba hewa, fizi zinakuwa za kahawia, uso na nyayo zinavimba. Nusu ya kidonge inaweza kumuua. Akishakula, usingoje dalili, kimbia. Daktari ana asetilisisteini, ambayo husaidia ikitolewa mapema. Zipo dawa za maumivu za paka, na daktari huzitoa baada ya kujua hali ya figo.

Tukiwa kwenye sumu: dawa ya kupe na viroboto ya mbwa yenye permethrini ni sumu kwa paka, na josho la ng'ombe si la kumwogeshea. Mchuzi uliopikwa kwa vitunguu nao unaharibu chembe nyekundu za damu, hata ukiwa umechuja vitunguu vyenyewe.

Kuna sura moja ya pekee: paka anainamisha shingo mpaka kidevu kinagusa kifua, hawezi kuinua kichwa. Huenda potasiamu imeshuka kwa sababu ya figo, au amekosa vitamini B1 baada ya kula samaki wabichi kwa muda mrefu, maana baadhi ya samaki wana kimeng'enya kinachoiharibu vitamini hiyo. Kupika hukimaliza. Chemsha samaki wake, na yeye umpeleke.

Dalili ya 5: Macho

Ukungu wa bluu hafifu ndani ya mboni pande zote mbili, naye bado anakwepa viti, mara nyingi huo kweli ni uzee. Hapa nakubali. Weupe mzito kama maziwa ni mtoto wa jicho, si wa haraka.

Mboni zimefunguka kama sarafu hata juani na paka anagonga ukuta: presha. Hupanda pamoja na ugonjwa wa figo au tezi na kubandua pazia la nyuma ya jicho. Daktari hutumia amlodipini, kipande kidogo cha kidonge, na akiwahiwa huenda baadhi ya uoni ukarudi. Omba presha ipimwe kila mwaka hata kama macho ni mazima.

Dalili ya 6: Analia usiku kucha

Tezi na presha kwanza. Kisha uziwi: piga kofi nyuma yake, uone kama sikio linacheza. Kisha maumivu. Yote yakitolewa, ndipo unaweza kusema akili imechoka: anasimama kona akisahau alikokuwa akienda, anapotea kwenye nyumba aliyozaliwa. Washa taa ndogo, usihamishe vitu, mlishe kabla hujalala. Usimpigie kelele, kwani hajui kama ni usiku.

Dalili ya 7: Paka mweupe mwenye kidonda kisichopona sikioni

Jua la pwani. Ganda dogo kwenye ncha ya sikio au puani, linalobanduka na kurudi, ni saratani ya ngozi mpaka ithibitishwe si hiyo. Mafuta ya mgando hayasaidii. Ncha ya sikio ikikatwa mapema, paka anaishi miaka. Ikingojwa, inaingia ndani.

“Sasa ataishi mpaka lini?”

Paka wa ndani aliyehasiwa na kuchanjwa hufika miaka 12 hadi 15 bila miujiza, na wapo wanaokaribia 20. Aliyeshikilia rekodi, Creme Puff wa Texas, Marekani, aliishi miaka 38, tangu 1967 hadi 2005, lakini usimpangie wako kwa huyo. Mwenye figo zilizogunduliwa mapema anaweza kuwa na miaka mizuri mbele. Aliyegunduliwa mwishoni ana wiki au miezi. Sisi husema mtu asiyekufa kirahisi ana roho ya paka. Mimi naona paka anajua tu kuficha, na huko kuficha ndiko kunakomcheleweshea matibabu.

Kama daktari wa mtaani kwako kutwa yuko na kuku na ng'ombe, si kosa lake, muulize akuelekeze. Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, Morogoro, na kampasi ya Kabete ya Chuo Kikuu cha Nairobi wana hospitali za wanyama. Nenda na daftari lako la uzito na maji. Litamwambia mengi kuliko paka mwenyewe juu ya meza.

Na ukifika mahali ambapo tiba imekwisha, chukua kalenda. Kila jioni weka alama: leo amekula mwenyewe, amejilamba, amekuja kunisalimu, au hakuna hata moja. Siku mbaya zikianza kuzizidi nzuri, mpelekee daktari hiyo kalenda na umuulize waziwazi kuhusu sindano ya kumpumzisha. Kwa Chausiku niliihesabu nikiwa nimechelewa, siku kumi na moja za alama tupu.